Ufuta wa mama na kaunta ya viti vinane: siku saba Fukuoka

Jumapili

Kutoka uwanja wa ndege wa Fukuoka, Japani, hadi stesheni ya Hakata katikati ya mji ni vituo viwili tu vya treni ya chini ya ardhi, dakika tano. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa nzima nyingine ya safari, begi mapajani, macho mazito. Kumbe mji uko hapo hapo. Mwenzangu wa Unguja alifika hotelini, akaswali, akalala. Mimi usingizi ulishanipita, na tumbo lilikuwa linadai.

Tumekuja wawili kwa mafunzo ya uhifadhi wa nafaka na mbegu za mafuta baada ya mavuno. Yeye anatoka Unguja, mimi Nachingwea, mkoa wa Lindi. Ya darasani yana ripoti yake, nitaiandika nikirudi. Haya ni ya jioni.

Nilifuata harufu. Rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, ya hapa huitwa tonkotsu, yaani mifupa ya nguruwe, na mifupa hiyo huchemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi mpaka uboho na mafuta vichanganyike na maji na supu igeuke nyeupe kama tui. Harufu yake ni nzito, inakaa kwenye nguo, na kuna watu inawashinda. Mimi niliyekulia karibu na sufuria ya makongoro, ilinivuta.

Mlangoni kulikuwa na mashine ya tiketi yenye vitufe vingi na hakuna herufi hata moja ninayoijua. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alinyoosha mkono akanionyesha kitufe cha juu kabisa kushoto. Baadaye niliambiwa kwamba ndipo maduka mengi huweka chakula chao kikuu. Nikaketi kwenye kaunta, bega kwa bega na watu, mpishi mbele yangu umbali wa mkono. Aliniuliza neno moja, nikaitikia kwa kichwa, na dakika mbili hazikuisha bakuli likawa mezani: supu nyeupe, tambi nyembamba zilizonyooka, vipande viwili vya nyama, uyoga mweusi uliokatwa nyuzi nyuzi, kitunguu cha majani. Pembeni kulikuwa na kopo la tangawizi nyekundu iliyolowekwa, na kingine kidogo cha kusagia ufuta. Nilisaga ufuta juu ya supu kwa sababu jirani yangu alisaga. Sikuuwazia zaidi ya hapo.

Kuhusu sauti. Mama yangu alitufundisha kwamba mtoto anayefyonza chakula kwa kelele hana malezi. Hapa duka zima lilikuwa linafyonza. Nilijaribu kula kimya kimya, tambi zikaniunguza ulimi, nikaelewa: ukivuta tambi pamoja na hewa zinapoa njiani, na harufu ya supu inapanda puani. Nikamwomba mama msamaha moyoni, nikafyonza.

Bakuli si kubwa. Tambi zikiisha na supu ikabaki, unasema "kaedama", mpishi anakuletea fungu jingine la tambi, anakutilia ndani ya supu ile ile. Jirani yangu aliongeza mara mbili. Mimi nilikuwa sijalijua neno hilo, nikanywa supu yote, nikajinyima fungu la pili bila kujua.

Jumatatu

Mwalimu wetu mmoja ni mwenyeji wa Kurume, kusini mwa Fukuoka, na tulipomwambia kwamba nilikula rameni ya Hakata alitabasamu kwa subira kama Mzanzibari aliyesikia mtu akisifia biriani ya bara. Tonkotsu ilianzia Kurume, alisema, kwenye kibanda cha barabarani, mwaka 1937. Lakini alikubali kwamba tambi nyembamba na kaedama ni mambo ya Nagahama, soko la samaki la Fukuoka. Watu wa mnada wa samaki hawakuwa na muda wa kusubiri. Tambi nyembamba huiva upesi, lakini pia hulainika upesi zikikaa kwenye supu, kwa hiyo unapewa chache, unamaliza, unaongezewa nyingine zikiwa bado zina uimara. Akatuandikia daraja za ugumu: laini, kawaida, "kata" yaani ngumu, "barikata" ngumu zaidi, na "harigane", maana yake waya. Kumbe ndilo swali nililoulizwa jana.

Jioni mwenzangu alikuwa macho. Tulitafuta mahali pa kukaa wote wawili, na hapo ndipo ugumu ulipo: yeye hali nguruwe, hanywi pombe, wala hali kitu kilichopikwa kwa pombe. Izakaya, baa ndogo ya Kijapani ya kunywa na kula, ukiitazama kwa jina, si mahali pake. "I" ni kukaa, "sakaya" ni duka la pombe. Zamani za Edo, karne kadhaa zilizopita, maduka ya pombe yalianza kuwaruhusu wateja wanywe hapo hapo badala ya kubeba nyumbani, wakawatengenezea na vitu vya kutafuna, na duka likawa mahali. Mimi ningetafsiri: duka la kukaa. Lakini mwenzangu alisema, "Ndugu yangu, mimi kukaa najua. Twende, nikikosa cha kula nitakunywa chai."

Tuliingia uchochoro mmoja usioenea magari. Taa nyekundu ya karatasi, pazia la kitambaa mlangoni, mlango wa kusukuma pembeni. Ndani kaunta ya viti vinane, na nyuma ya kaunta wawili: mzee mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani, na mkewe. Wateja wanamwita mzee "taisho". Ni neno la jeshini, jenerali, ila linatamkwa kama sisi tunavyosema "mkuu" kwa fundi tunayemheshimu. Mkewe wanamwita "okami-san", mama mwenye duka. Televisheni ndogo juu ya friji ilikuwa inaonyesha sumo, mieleka ya Kijapani, kwani Novemba mashindano makubwa huja Fukuoka, na hapakuwa na anayezungumza. Pambano la mwisho liliisha kabla ya saa kumi na mbili. Pumzi zikashuka, bilauri zikanyanyuliwa, ndipo okami-san akatugeukia.

Kwanza tukapewa taulo za moto za kufutia mikono. Kisha kikaja kibakuli kidogo cha mizizi iliyochemshwa ambacho hatukukiagiza. Mwenzangu alidhani wametukosea na meza nyingine, akakirudisha. Okami-san akakileta tena kwa upole. Huitwa otoshi. Kila anayeketi hupewa, na huingia kwenye hesabu, yeni mia kadhaa, kama bei ya kiti. Mgeni asiyeambiwa anaweza kuhisi ameibiwa. Heri ujue mapema.

Nilitoa simu, programu ya kutafsiri ikasema kwa niaba yetu: bila nguruwe, bila pombe, bila sosi yenye pombe. Okami-san alisoma, akasoma tena, akamwonyesha taisho. Wakashauriana. Niliogopa tumewapa mzigo, jiko lenyewe ni la urefu wa mkono. Kisha taisho akaleta karatasi ya foili, akaifunika sehemu ya wavu wa jiko, akaweka juu yake samaki mwenye chumvi tu, akatuonyesha kopo la chumvi ili tuone kwa macho yetu. Okami-san akarudisha ile otoshi jikoni, akaleta kibakuli cha maharage mabichi ya soya yaliyochemshwa na maganda yake, yenye chumvi. Na tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, ya baridi na yenye tangawizi. Na kabichi mbichi iliyokatwa vipande vikubwa, ambayo kwenye maduka ya mishikaki ya mji huu huwekwa mbele ya kila mteja. Aliyoiweka mbele ya mwenzangu haikumwagiwa siki.

Mwenzangu akasema "Bismillahi" na taisho akasema "Douzo", yaani karibu, na wote wawili wakainamisha kichwa kwa wakati mmoja.

Mimi niliagiza mishikaki ya kuku. Huku kuku haachi kitu: mapaja, maini, firigisi, gegedu, na ngozi. Ngozi ndiyo fahari ya Fukuoka. Ngozi ya shingo huzungushiwa kijiti kama uzi kwenye kibao, huchomwa, huchovywa kwenye sosi, hupumzishwa, na kesho yake huchomwa tena, kwa siku kadhaa, mpaka mafuta yote yatoke na ibaki kitu kikavu kwa nje, chenye utelezi kwa ndani. Nilikula sita. Taisho hakuwa ameniuliza kama nataka zaidi. Aliona tu vijiti vyangu vimelala wazi akaweka vingine motoni. Kwenye kaunta ya viti vinane mpishi anaona mdomo wako. Sijawahi kulishwa hivyo na mtu asiye ndugu.

Jumanne

Darasa mpaka jioni, kisha mvua. Tulinunua matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, tukala chumbani. Mwenzangu alitafuta kwa simu kila kitu kilichoandikwa nyuma ya pakiti. Tukalala saa mbili.

Jumatano

Nilirudi kwa taisho peke yangu. Mwenzangu alikuwa na simu ya nyumbani.

Kiti changu cha Jumatatu kilikuwa wazi na okami-san akanielekeza kwake kama vile kilikuwa kinanisubiri. Mzee aliyeketi jirani yangu, mteja wa siku zote kwa namna alivyojimiminia chai mwenyewe, aliniagizia kitu bila kuniuliza: goma-saba. "Saba" ni samaki wa jamaa ya vibua. "Goma" sikuijua. Mahali pengi Japani huyu samaki huwa hatiwi mdomoni mpaka alowekwe kwanza kwenye chumvi na siki, maana huharibika upesi. Fukuoka wanamla mbichi, akiwa wa asubuhi ile.

Taisho alikata samaki vipande vyembamba. Kisha akachukua kikaango kidogo chenye mpini mrefu na kifuniko cha wavu, akamimina ndani yake kitu kutoka kwenye mfuko, akakiinua juu ya mkaa akikitikisa. Sekunde chache tu. Ikaanza ile sauti ya mbegu kudunda kwenye chuma, na harufu ikafika kabla sijaona.

Nilikuwa Nachingwea. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa uani kwa mama mwezi wa saba, mavuno yamekwisha, maturubai yametandazwa, miganda ya ufuta imesimamishwa ikauke na vichwa vyake vimepasuka, na shangazi anakaanga konzi moja ya kutengenezea kashata za watoto. Jumapili nilikuwa nimeusaga ufuta huo huo juu ya supu nikiwa na usingizi na sikuutambua, kwa kuwa haukuwa na moto. Moto ndio unaouita.

Nilimwonyesha taisho mfuko kwa kidole. Alidhani nataka kuona maandishi, akanipa. Kumbe "goma" ndiyo ufuta. Simu ilitafsiri upande wa nyuma: ufuta mweupe uliooshwa, asili yake Nigeria, Tanzania, na kwingineko. Nilisoma mara mbili kama okami-san alivyosoma simu yetu. Nikajigusa kifuani, nikasema "Tanzania". Taisho akatazama mfuko, akanitazama. Nikaonyesha kwa mikono mtu akikata, akifunga miganda, akipukuta. Nikasema "mama", neno ambalo kumbe nao wanalielewa.

Hakusema kitu. Alimwaga goma-saba sahanini, akasaga ufuta juu yake, mwingi kuliko aliomwekea mzee wa jirani, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

Japani inaagiza nje karibu ufuta wake wote, hili lilisemwa darasani siku ya kwanza na niliandika kwenye daftari. Na wetu wa Kusini huondoka kwa magunia kupitia chama cha msingi, ghala, na mnada. Mkulima anaijua bei ya siku ile, hajui unakokwenda. Tangu nina akili mama yangu anauza ufuta. Sikuwahi kumsikia akiuliza nani anaula. Labda aliuliza kukawa hakuna wa kumjibu.

Alhamisi

Baada ya darasa tulikwenda Nakasu, kando ya mto Naka, kutazama vibanda vya usiku. Huitwa yatai. Jua likizama kila mwenye kibanda anakivuta, anakifungua, anatandaza mapazia ya plastiki kuzuia upepo, na kabla hakujapambazuka anakifunga na kukiondoa, njia inabaki tupu. Kimoja hakizidi mita 3 kwa 2.5 na wateja kumi wakibanana. Vilikuwa zaidi ya 400 miaka ya 1960. Sasa ni kama mia moja. Kwa muda mrefu kibali kilikuwa cha mwenye kibanda na familia yake tu, hakihamishwi kwa mtu mwingine, kwa hiyo kibanda kilizeeka na mwenyewe na kufa naye. Mwaka 2013 jiji lilipitisha sheria ndogo yake ya yatai, na baadaye likaanza kupokea maombi ya watu wapya kwa ushindani wa wazi, wakipewa mahali, maji na umeme. Nilitamani viongozi wetu wa halmashauri walione hili, jinsi mchuuzi wa barabarani anavyoweza kuwa fahari ya mji akipewa bomba na soketi.

Nilikula figili nyeupe na yai vilivyotokota kwenye mchuzi wa samaki, nimesimama. Mwenzangu alikunywa chai ya kopo. Pazuri kwa macho, lakini watu wanapanga foleni nyuma yako ukiwa unatafuna, na nilikumbuka kile kiti.

Ijumaa

Mwalimu alituruhusu mapema. Tulipanda treni hadi Hakozaki, kituo cha pili kutoka Hakata, na msikiti unaonekana karibu na stesheni: Msikiti wa Fukuoka, uliofunguliwa mwaka 2009. Nilimsubiri mwenzangu nje. Alitoka akiwa na watu watatu, Mmisri, Mwindonesia na Mjapani mmoja, wamemzunguka kama ndugu wa siku nyingi, na akiwa na uso ambao sijauona tangu tutoke Dar.

Walikuwa wamemwelekeza kwenye rameni. Duka dogo la halali, supu ya mifupa ya kuku iliyochemshwa kwa mtindo ule ule wa tonkotsu mpaka ikawa nyeupe. Alikaa kwenye kaunta, akasema "barikata" kabla hajaulizwa, maana alilikariri tangu Jumatatu. Nilimtazama mtu aliyekula matonge ya wali na samaki wa chumvi wiki nzima bila kulalamika hata mara moja. Alivuta tambi kwa sauti iliyomgeuza hata mpishi. Kisha akainua mkono, akasema "kaedama". Aliongeza mara tatu. Niliposhika mkoba kulipa alinizuia.

"Leo mimi ndiye mwenyeji," akasema.

Kwa ulimi wangu supu ya kuku ni tamu zaidi kuliko ya nguruwe, nyepesi, na haikai kwenye nguo. Watu wa Hakata watanisamehe.

Jumamosi

Usiku wa mwisho. Tulikwenda wote wawili kwa taisho tukiwa na zawadi: kanga moja kwa okami-san, na kahawa ya Kilimanjaro, ambayo jina lake wanalijua vizuri kuliko la nchi yenyewe. Okami-san aliuliza maandishi ya kanga yanasemaje. Mwenzangu alichukua simu, akahangaika na tafsiri, mwishowe akaweka mkono kifuani akainama, na okami-san akainama pia, kanga ikiwa mabegani.

Foili ilikuwa tayari juu ya wavu. Samaki wawili wa chumvi. Na kwa mwenzangu taisho alikuwa ameandaa kitu kipya: mchicha uliochemshwa, ukachanganywa na ufuta aliousaga kwa mkono kwenye bakuli la udongo lenye mikwaruzo ndani, na chumvi basi. Mwenzangu alikula akafumba macho. "Huu mbona ni wa kwetu," akasema, na hakuwa na habari ya mfuko, sikuwa nimemsimulia.

Ilikuwa saa tatu usiku. Nachingwea saa tisa alasiri. Nilimpigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nakula sasa hivi, mama. Nataka nikuonyeshe kitu."

Nikageuza simu. Nilimsogezea mfuko kwenye kamera, nikamsomea palipoandikwa Tanzania. Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Mfuko huo kilo ngapi?"

Nikamwambia kilo moja.

"Wananunua shilingi ngapi?"

Nilimuuliza taisho, nikageuza yeni kuwa shilingi kichwani, nikamtajia. Mama alirudia ile hesabu polepole, mara mbili, kama anayehesabu magunia. Kisha akasema, "Wameupepeta vizuri. Hauna mchanga." Baada ya hapo akataka kumwona mzee anavyoupika.

Taisho alielewa bila tafsiri. Alijinyoosha, akakaza kitambaa chake kichwani, akachukua kile kikaango na kumimina konzi moja. Nikaegemeza simu kwenye kopo la vijiti ili mama aone jiko. Mzee wa kiti cha jirani akasogea. Okami-san akaja nyuma yangu na kanga yake. Hakuna aliyesema. Mbegu zikaanza kudunda, moja, tatu, kisha zote, na mama uso wake ukajaa kwenye kioo, amesogeza sikio.

"Epua," mama akasema. "Mwambie baba aepue, unaungua huo."

Nilipofungua mdomo kutafsiri, kikaango kilikuwa kimeshatoka motoni.